Koili ya Twalib Chini ya Mkeka

Mie ndiye niliyemfundisha mpwa wangu Twalib kusuka waya za mota zilizoungua. Watu wa Mabibo wanadai alinipita wiki ileile, lakini huo ni wivu tu.

Mkewe, Raudha, alipooza miguu na vidole vikaisha nguvu. Mwaka 1994 wafadhili wakampa kiti cha magurudumu cha betri, akarudi kuuza ndizi kwenye genge lake sokoni. Tatizo betri ilikuwa kuukuu. Ikifika adhuhuri chaji imekwisha, Twalib yuko kazini, na Raudha hawezi kushika plagi. Kuita majirani kila siku alishachoka.

Basi Twalib akasuka koili mbili za waya wa shaba, moja akaiweka chini ya mkeka, nyingine chini ya kiti, umeme uruke wenyewe bila waya. Panya wasiitafune ya chini, akaifunika kwa sinia lao la chuma la pilau. Raudha akasogeza kiti juu yake. Betri haikupata kitu, ila sinia lilinyonya umeme wote, likapata moto mpaka mkeka ukafuka moshi.

"Mpwa, umevumbua jiko! Bandika chai."

"Mjomba, usinichokoze leo."

Akaondoa sinia. Taa ya chaji ikawaka kwa kufifia kama jicho la mlevi, maana koili ziliachana shubiri nzima na umeme ukapotelea hewani. Akaishusha ile ya chini ya kiti, ikakwama kizingitini, kiti kikashindwa kutoka mlangoni.

"Baba Rukaiya, basi," Raudha akamwambia mumewe. "Ng'oa."

Akang'oa. Raudha hakutaka tena kuita majirani, na genge sasa anauza mwingine. Mie na ufundi wangu wote nikipita dirishani kwa Raudha, namsalimu haraka haraka nisimtazame usoni.