Dalia za Bi Mkasi

Siku ya kwanza kumwona Bi Mkasi, alikuwa amepiga magoti bustanini, makalio juu, akiyatukana magugu kama wezi wa kuku. Nikasimama getini, nikashindwa kupiga hodi. Mimi ni mtu wa aibu.

"Wewe unayetazama viatu vyako, umekuja kulima au kuposa?" aliuliza bila kugeuka.

Nilikuwa nimekuja kulima.

Alikuwa mkunga mstaafu, na mkasi wa maua haukutoka mfukoni mwa gauni lake. Mumewe alikuwa amemkimbia zamani.

"Yule alikuwa ua la zinia," alinieleza. "Linachanua, linapendeza, msimu ukiisha ndiyo basi. Zinia unang'oa, unapanda mbegu nyingine. Lakini dalia ni ya kudumu, kila mwaka inarudi."

Dalia zake zilitoka kwa marehemu mama yake. Hakuwa na kingine cha mama yake.

Kiangazi kilipofika akaniambia ning'oe maua yote yaliyokufa, akaenda kupima presha. Nikang'oa zinia. Dalia nazo zilikuwa zimekauka kau. Nikazing'oa. Chini, mizizini, zilikuwa na mafundo mafundo. Nikasema moyoni, kumbe haya ndiyo maradhi yaliyoziua. Nikarundika pamoja na takataka. Aliporudi, njiti ya kiberiti inawaka mkononi mwangu.

"Zima! Zima, we baba!"

Bibi wa miaka sabini na sita akajitosa kwenye takataka na gauni lake la kwendea hospitali. Akaibuka na fundo moja.

"Minya."

Nikaminya. Lilikuwa gumu, limejaa maji.

"Limekufa?"

"Hapana, mama. Kama... limelala."

"Ahaa! Na wewe ukilala tukuchome?"

Tukazika mafundo saba. Mvua ziliponyesha, kila asubuhi nilikwenda kuchungulia kabla hata ya kunywa chai. Yakachipua sita. Kwa lile la saba aliniita Muuaji miaka yote, hata mbele ya wageni.

Sasa dalia ziko kwangu. Wiki moja kabla hatujamzika nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta kitandani, macho yamefumbwa, mdomo wazi. Nikamwita mara tatu. Kimya. Nikavuta shuka taratibu nimfunike uso.

Akafungua jicho moja.

"Muuaji," alisema, "si nilikufundisha kuminya kwanza?"