Taa Isiyoonekana Barabarani

Miaka ya vita, hapa Kindu, mwanga wa dirishani uliweza kuwaleta wanajeshi mlangoni. Kwa hiyo mama mkubwa, dada wa mama yangu, alisomea chini ya meza iliyofunikwa blanketi, mimi nikizunguka kwanza kukagua kama mwanga unaonekana, kisha nikimshikia kibatari. Siku moja nilisinzia. Moto ulikula pindo la blanketi, nyusi zangu, na sura nzima ya mwisho ya riwaya yake. Hakupata kujua kama yule binti wa kitabuni alimfuata mwalimu au aliolewa na mwenye duka. Alinikumbusha kila sikukuu.

Mwaka huu niliipata riwaya hiyo, ikiwa ndani ya kibao cha kielektroniki cha kusomea vitabu, cha zamani, kisicho na mwanga wake. Macho ya mama mkubwa sasa yanataka taa hata mchana. Tukaenda sokoni.

“Tunatafuta taa ya kubana hapa juu,” nikamwambia muuzaji.

Akakigeuza kibao. “Hii njo televizio. Iko na mwanga yake.”

“Hapana, njo kitabu.”

“Basi kitabu imekufa.” Akatuletea taa ya kichwani ya wachimbaji dhahabu wa huko Kama. “Na hii, mama, kama kitabu iko na dhahabu, utaiona.”

Ya pili shingo ililegea, ikamulika miguu yetu. Ya tatu ilibana vizuri. Mama mkubwa hakuuliza bei wala betri.

“Leta blanketi.”

“Blanketi ya nini, mama?”

“Nijue kama inaonekana inje.”

Nikamkumbusha kwamba ilikuwa saa nne asubuhi.

“Wewe njo ulichoma kitabu,” akasema. “Nyamaza.”

Muuzaji hakuwa na blanketi. Akafunika meza yake kwa turubai. Wakaingia chini wote wawili, na taa. Mimi nikazunguka kukagua pande zote nne, kama zamani, huku wauza majani ya sombe wakiniangalia.

“Haionekani!” nikasema.

Nikainama karibu na turubai.

“Mama mukubwa, haionekani!”

“Ngoja kwanza,” sauti ya muuzaji ikajibu. “Tuko ku ukurasa ya mwisho.”

Kisha mama mkubwa akaipiga meza kofi kutoka chini. “Aliolewa na mwenye duka! Mujinga huyu mutoto!”

Mama mkubwa akatoka akitiririka jasho, amefurahi, akaiweka taa juu ya meza. “Asante, baba. Nimemaliza. Sina tena kazi nayo.”

Muuzaji hakutoka.

“Mama,” akaita kutoka chini ya turubai, “ule mwalimu, alimukosea nini?”

Mama mkubwa akasimama kidogo. Akakaza kitenge, akachukua taa, akainama tena.

“Wewe lipa,” akaniambia. “Tunaanza mwanzo.”