Kioo Juu ya Chumba cha Mkwe

Nyumba yetu ya Tunduma ina paa bapa la zege, kwa kuwa wakati wa kuijenga nilitamani siku moja kuipandisha ghorofa. Ghorofa haikuja. Walikuja majirani, wakajenga pande zote mbili, hadi dirisha la chumba cha kati likabaki linatazamana na ukuta. Chumba hicho ndicho mke wangu, fundi cherehani, anachofanyia kazi. Umeme ukikatika alihamia mlangoni na sindano yake, akiinua kitambaa kufuata mwanga wa uani. Macho yakaanza kumuuma. Alisema wazi kwamba chumba kisipopata mwanga ataacha kushona, nami namfahamu: hasemi maneno hayo ili abembelezwe.

Ilibidi kutoboa paa na kuweka dirisha la kioo. Niliyemwamini kukata zege bila kulidhoofisha alikuwa mtu mmoja tu, baba yangu, mwashi mstaafu anayeishi Mbebe, kule milimani Ileje. Nilipompigia simu, aliuliza kwanza:

"Na mkwe atakuwa wapi?"

"Chumba ni chake, baba."

"Kwa hiyo unataka nipande juu ya kichwa chake, nimchungulie?"

Kwa watu wa kwetu wa rika la baba, mzee na mke wa mwanawe hawatazamani usoni wala hawasemezani ana kwa ana. Si ugomvi, ni heshima, na miaka mingi ya kanisa haikuiondoa. Tangu nioe, baba akiingia sebuleni mke wangu hutoka kwa mlango wa nyuma, na salamu zao hupitia kwangu. Nakiri kwamba mara nyingi niliiona desturi hii kama kazi ya utarishi niliyopewa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Alikuja hata hivyo. Mke wangu akafunga turubai chini ya dari, likazuia vumbi na macho pia. Baba aligonga zege akisikiliza, akatafuta mahali pasipo na boriti, akachora mraba kwa chaki. Kutoka chini ya turubai ikaja sauti.

"Mwambie babu wa watoto tundu lisogee karibu na cherehani."

"Mwambie mwenye chumba," baba akajibu kabla sijafungua kinywa, "cherehani ina miguu. Boriti haina."

Turubai likacheka.

Alikata zege na nondo bila haraka, kisha akajenga ukingo kulizunguka tundu, upande mmoja juu kidogo ili maji yateremke. Ukingo ulipokauka, tukapandisha kioo. Mke wangu alikuwa amekataa kioo cha ukungu. Alitaka kioo angavu kabisa, na baba hakubisha. Lakini kioo kikishalazwa juu ya gundi, lazima mtu atazame kutoka chini. Popote mwanga unapopenya kati ya kioo na ukingo, hapo ndipo mvua itakapopita.

"Toeni turubai," baba alisema. Akapiga magoti, viganja juu ya kioo, uso ameugeuza kuelekea Zambia.

"Mwambie pembe ya mlangoni inapitisha mwanga," mke wangu alisema.

"Pembe ya mlangoni, baba."

"Huku juu kuna mlango?"

"Mwambie kulia kwangu."

Nikasema kulia. Baba akakandamiza kulia kwake.

"Siyo hiyo! Mwambie ile nyingine!"

Upepo wa mvua ulikuwa umeshafika. Gundi ilikuwa inaanza kushika, na ikikauka vile tungelazimika kuling'oa dirisha lote. Nilizunguka ukingo nikiinama na kuinuka, nikibeba maneno yaliyokuwa yanachakaa njiani.

"Tarishi wetu anatuangusha," baba aliyaambia malori yaliyopanga foleni ya mpakani.

Kisha mke wangu akasema, kwa sauti ambayo haikuwa yangu kuipeleka popote:

"Shikamoo, baba."

Mikono ya baba ilitulia juu ya kioo. Hakugeuza uso.

"Marahaba, mama. Wapi?"

"Upande wa Mbozi."

Akakandamiza upande unaoelekea wilaya ya Mbozi.

"Umeziba. Sasa upande wa Ileje, kidogo tu. Hapo. Hapo hapo, baba, usiondoe mkono."

"Siondoi."

Nilisimama kando bila kazi. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ya watu wenye shahada wakijadili namna ya kuheshimiana, na sijaona heshima iliyojengwa kwa uangalifu kama ile: mzee akitazama nchi jirani, mwanamke akitazama viganja vya mzee tu, na kazi ikienda. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Walijua wenyewe ni kipi kilegezwe na kipi kibaki, wala hawakuniuliza.

Mvua ilinyesha jioni ile ile, mvua ya Tunduma isiyobisha hodi. Baba alikaa sebuleni na kikombe chake cha chai. Kuingia chumbani kukagua kazi yake hakukuwezekana, hata kwa fundi. Nilinyanyuka nikamwulizie.

"Kaa," alisema. Akakohoa, akaukabili ukuta, akapaza sauti. "Inavuja?"

Mlio wa cherehani ukakatika kidogo.

"Haivuji, baba. Nashona."