Mashavu ya Arbitre

Nani anaendaka kufundisha viziwi mupira na filimbi kwenye shingo? Niambie weye, juu miye nilicheka mpaka chai ikanipita kwenye pua. Mujukuu wangu wa kike alikuya hapa juzi, amepata kazi ya kuchezesha mabinti wa masomo ya viziwi, ile shule yao, na filimbi inaning'inia kwenye shingo kama ya polisi ya barabara. Akaipuliza, pirrrii! Kicheko ikakwisha. Mukono yangu ikainuka juu yenyewe, miye mwanamuke mwenye kuzaa mara kenda.

Ni juu ya dada yangu mukubwa. Wakati wa Zaïre tulikuwa tunakaa mu mutaa ya Birere, na dada alikuwa hasikie kitu, hata mulima ya moto ikinguruma. Makamyo ya bitoke, ndizi za kupika, yalikuwa yanapita pale kama yenye kufukuzwa. Mama akanipa kazi: "Weye ndiyo masikio yake. Gari ikimugonga, usirudie hapa." Nilikuwa na myaka kumi. Miye masomo niliachiaka troisième, mwaka ya tatu, lakini kwa viziwi nilikuwa nafika kila siku, nyuma ya dada, macho kwenye makamyo.

Mwalimu wao wa mupira alikuwa mama moja munene wa ku milima ya Masisi. Alikuwa anawafundisha mupira ya mikono. Samedi, ile jumamosi, wakati watu wengine wanafanya salongo, kazi ya bure ya kufagia barabara, salongo yetu ilikuwa kuokota majiwe ya volkano kwenye uwanja. Majiwe nyeusi, yanakata kama wembe. Unaokota leo, samedi ingine ni kama yameota tena! Halafu mupishi wa masomo anatuletea maharagi na bitoke mu sufuria moja, tunakula na mikono nyeusi vile. Na pale kwenye mupira hakuna mutu anaita mwenzake, unasikia miguu tu, na pumzi, na kicheko. Weye, viziwi wanachekaka kwa nguvu! Mwalimu akiinua kitambaa nyekundu, wote wanasimama.

Direktere, mukubwa wa masomo, ndiyo hakupenda ile mambo. Siku masomo moja ya mutaa ya Majengo ilikubali kucheza na sisi, alimuambia mwalimu mbele ya wote: "Mama, arbitre akilalamika kama hawa hawasikie filimbi, mupira ya mabinti imekwisha. Wataenda kushona." Dada alisoma midomo yake. Akanishika mukono mpaka vidole vikauma.

Sasa mwalimu akanipa kitambaa, miye. "Weye unasikiaka, na miye nitakuwa nawaongoza na mikono. Filimbi ikilia, inua." Ile asubuhi uji ilinishinda hata kijiko moja.

Watu wa Majengo walijaa. "Mabubu! Mabubu, mutarudia na kilio!" Arbitre, mwamuzi wa mupira, akapuliza filimbi, nikainua, wetu wakasimama. Muzuri. Kumbe kulikuwa mama moja muuza mikate, alikuya kushangilia wa kwao. Akaweka vidole viwili mu kinywa: fyuuu! Nikainua. Wetu wakasimama kama miti, wale wa Majengo wakapita katikati yao, goli. Kisha kidogo, tena: fyuuu! Tena nikainua, tena goli. Basi wetu wakaacha kuamini kitambaa. Filimbi ya kweli ikalia, moja wao akaendelea kukimbia. Arbitre akainua kidole: "Mama mwalimu, tena mara moja, ninasimamisha mupira!" Nikaona direktere anasimama, anafunga kifungo ya koti yake ya abacost.

Dada akakuya kwangu mbio. Nikafikiri atanipiga. Akafungua kitambaa ya kichwa chake, akanifunga nayo masikio, akakaza mpaka nikasikia damu yangu tu. Akanishika kidevu, akageuza uso yangu kwa arbitre, akavimbisha mashavu yake mwenyewe. Angalia pale!

Nikaangalia yale mashavu kama maziwa juu ya moto. Yakivimba tu, kitambaa juu. Wetu wakawa wanasimama hata kabla ya wale wenye kusikia! Na ule muuza mikate apulize mpaka meno yaanguke.

Tulishindwa tu, magoli mbili, zile zangu mbili. Lakini arbitre alienda kwa direktere, akamuambia: "Wako ndiyo wanasimama wa kwanza." Direktere akatuangalia sana. "Samedi ijayo," akasema, "muokote majiwe vizuri." Ndiyo vile alikubali mabinti waendelee.

Leo ule uwanja hauko. Moto ya mulima ilipita juu yake; majiwe yote tuliokotaka yalirudi siku moja. Mwalimu alirudiaka Masisi, sikumuona tena. Dada ametangulia. Nikipita barabarani ningali ninageuka kuangalia kama kamyo inakuya nyuma yake.

Na unajua mujukuu aliniambia nini? Direktere wa leo naye anaona mabinti viziwi wangefaa kushona. Nilimushika mukono, nikamupa hii habari yote. Hakucheka. Akaniahidi: "Koko, akikataa, nitawachezesha mbele ya mulango ya bureau yake. Kila samedi. Mpaka yeye ndiyo achoke."