Mama Mdogo Nasambu na Ua Lililonyweshwa Rambirambi

Mama mdogo Nasambu alifanya kazi kiwandani, Industrial Area, na hapa Kayole hakuna aliyewahi kumsikia akirudia neno mara mbili. Mwaka wa 1996, dada yake mkubwa, yaani mama yangu, alipolala katika Bwana, tulimzika nyumbani Bungoma. Tuliporudi Nairobi, Mama mdogo alihamia kwetu kunisaidia kupokea wageni.

Wageni walikuja kila jioni, Mungu awabariki. Shida ilikuwa ua. Mama aliacha ua la kutambaa ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, limefungwa kwa nyuzi likazunguka ukuta mzima wa sebule. Yeye alilinywesha kikombe kimoja cha maji kila Jumamosi, basi. Sasa kila mgeni alijiona hajaomboleza vya kutosha mpaka alimwagilie maji ua la marehemu. Kwaya ikamwaga. Majirani wakamwaga. Mfereji wa maji wa ploti tulimopanga ulikuwa mkavu, sisi wenyewe tukioga kwa kikombe, lakini ua lilikunywa kama bwana harusi. Majani yakageuka manjano, yakaanza kudondoka kwenye vitambaa vya makochi.

"Linamlilia mwenyewe," alisema Mama Mitchelle, mwenyekiti wa akina mama kanisani. "Ongezeni maji."

Mimi ndiye niliyelia. Mikono ya Mama ilikuwa imegusa kila jani lile. Likifa, ningebaki na picha ukutani tu.

Mama mdogo aliinua kopo, akalinusa. "Hili halilii," akaninong'oneza. "Limezama."

Lakini utamwambiaje mwenyekiti aliyeleta mchele wa matanga kwamba rambirambi zake zinaozesha mizizi? Jioni iliyofuata, Mama mdogo alimwomba atuongoze katika maombi. "Na usifupishe, dada."

Hakufupisha. Sote, pamoja na akina mama waliojaa sebuleni, tulifumba macho. Alipowaombea wajane, nikasikia gazeti likitandazwa. Alipofika kwa wagonjwa, kopo likapinduliwa na harufu ya mtaro ikajaa sebuleni. Mama Mitchelle akaanza kukemea pepo wachafu. Nilifumbua jicho moja, Bwana anisamehe. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti, mkasi mkononi, akikata mizizi iliyogeuka uji mweusi. Wakati wa kuiombea serikali, alitoboa kopo jingine kwa msumari, na kila pigo la nyundo likaitikiwa "Amina!"

Tulipofumbua macho, ukuta ulikuwa mtupu. Mezani kulikuwa na vipande vya ua, kimoja kwa kila mama.

"Nasambu! Ua la marehemu umelifanya nini?" akang'aka Mama Mitchelle.

"Nimewagawia urithi, dada. Kila mtu akapande kwake, anyweshe apendavyo. Hili la koponi, la mtoto aliyefiwa, nitalinywesha mimi."

Walipokea kwa machozi. Mama Mitchelle alichukua kipande kirefu kuliko vyote, kama ilivyo desturi ya wenyeviti. Mwezi haukuisha kabla hajaja kututangazia kwamba nyumbani kwake kuna adui, maana ua limekufa hali alilinywesha asubuhi na jioni.

Letu lilibaki na majani mawili, limenuna. Siku moja Mama mdogo alinikuta nimesimama mbele ya ua, kikombe cha maji mkononi.

"Weka chini hicho kikombe. Mama yako yuko kwa Bwana, hana kiu."

Nikakiweka. Jumapili baada ya ibada niliona jani jipya limechomoza, limejikunja, kijani kabisa. Nililia tena, ila nilisogea kando kidogo, Mama mdogo asije akasema machozi nayo ni maji.