Nyumba ya Cucu Si Hoteli

Nilimketisha mtoto juu ya kaunta ya ofisi ya kodi za ploti, katikati ya kikombe cha chai cha karani na mhuri wake, nikasema kwa sauti ambayo hata askari wa getini aliisikia: "Haya. Umesema mwenye ploti aje mwenyewe. Huyu hapa. Jina ni lile lile. Muulize unachotaka."

Mtoto alichukua mhuri akaanza kuutafuna.

Foleni yote ilicheka. Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua akasema, "Huyo ni Mmeru, mwachieni njia kabla hajaenda kuchukua panga." Utani huo nimeusikia tangu niolewe Embu na huwa naujibu vizuri tu. Siku hiyo niliuacha upite.

Jina la mtoto ni la baba ya mume wangu. Huku kwetu, Meru hata Embu, kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake, na cucu, yaani nyanya yake, humwita "mzee wangu" na kumsalimia kwa heshima zote, hata akiwa amejikojolea. Babu mwenyewe alizikwa kabla sijaolewa. Ploti yake ya mtaa wa Majimbo, hapa Embu, ambako tunaishi na cucu, ilibaki kwa jina lake, na si kwa uzembe. Ukibadilisha jina la ploti mjane akiwa hai, ni kama kumwambia: mama, tunangoja na wewe uondoke. Wanawe hawakuthubutu. Na hakuna aliyesumbuka na jambo hilo mpaka kaunti ilipotuma watu wa kupima upya thamani ya ploti.

Aliyekuja kwetu alikuwa kijana mwenye viatu safi. Nilikuwepo, nafua nepi. Cucu ni mwanachama wa kikundi cha akina mama wanaosaidiana kwenye matanga, na kwa sababu wanamwamini, vitu vya kikundi vyote huwekwa kwake: mahema, viti vya plastiki, sufuria ambazo ungeweza kumwogeshea ndama. Asubuhi hiyo walikuwa wanapika githeri, mahindi na maharagwe, uani, jirani alikuwa amefiwa. Kijana akatazama moshi, akatazama viti, akauliza, "Mama, hivi vitu vyote ni vya hapa?"

Cucu alidhani anasifiwa. "Ni vyetu," akasema. "Tumevitafuta wenyewe." Akampakulia. Alikula, akaongezwa, akashukuru, akaenda akaandika kwamba hapa kuna hoteli.

"Yaani alikula githeri ya matanga akaandika hoteli?" mume wangu aliuliza kwa simu, barua ya kaunti ilipotufikia. Yeye hutengeneza magari kule Makutano, Meru, na huja nyumbani akipata nafasi. "Kwani alilipa?"

"Alifungiwa hata ya kubeba."

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka. Ploti ya hoteli hutozwa kodi ya biashara. Cucu hana biashara. Ana kuku, na mahindi ya nyuma ya nyumba. Kodi hiyo ingerundikana mwaka baada ya mwaka, na ploti yenye deni mwisho wake unajulikana, hupigwa mnada. Cucu hakulia. Alianza tu kuzungumza habari za kaka yake kule Mbeere, kwamba ana chumba kisichotumika. Alisema hivyo akichambua maharagwe, kama mtu anayezungumza habari za mvua. Hapo ndipo niliposema hapana, huyu mama hahami.

Kupinga hakukuwa kugumu. Anayekaa kwenye ploti, awe nani, alikuwa anaandika barua tu, chifu anathibitisha kwamba anamjua, na ofisi inamtuma mtu aje ajionee. Niliandika. Nilimaliza kidato cha nne, barua hainishindi. Waliipokea, wakanigongea mhuri kwenye nakala yangu, wakaniambia ningoje. Nikangoja. Niliporudi, mkubwa yuko mkutanoni. Niliporudi tena, mkubwa yuko semina. Asubuhi hiyo ya mtoto na kaunta nilienda na cucu mwenyewe, amevaa kitambaa chake cha kanisani, nikijua leo atakapoonekana alivyo mzee wataona haya.

Karani akatuonyesha karatasi ukutani. Gundi yake ilikuwa bado mbichi.

"Utaratibu umebadilika, madam. Sasa anayepinga ni yule tu ambaye jina lake liko kwenye daftari la kaunti. Aje mwenyewe, na fomu mpya."

"Umebadilika lini?"

"Umeanza jana."

"Na barua yangu?"

"Zile za zamani hazisikizwi. Unaanza upya."

"Basi mmetuongezea muda wa kuanza upya?"

Akatazama chai yake. "Hapana. Mwisho ni Ijumaa hii."

"Mwenye jina alikufa."

"Lazima aje mwenyewe, madam. Ndivyo imeandikwa."

Ndipo nikamweka mtoto juu ya kaunta.

Nilitaka karani anitukane, ili nami nipate pa kushika. Hakunitukana. Alimtoa mtoto mhuri mdomoni polepole, akaupangusa kwa shati lake, akainama karibu. "Dada, hata mimi nimeusoma leo asubuhi. Mamangu pia anakaa kwa ploti ya marehemu. Nikipokea fomu yako watanirudishia tu. Lakini kulalamika juu ya utaratibu wenyewe, hiyo hawajaigusa. Hiyo huletwa na mtu yeyote, na lazima ipelekwe mbele ya kamati."

"Yeyote?"

"Yeyote anayejua kuandika. Ingawa wewe naona utapiga kelele hata kwa karatasi." Akanipa karatasi mbili tupu.

Nilikaa kwenye benchi kando ya cucu. Hakuelewa yote, lakini alielewa kalamu.

"Usiandike matusi," akaniambia kwa Kiembu.

"Siandiki."

"Na usiseme yule kijana alikula."

"Cucu! Huo ndio ushahidi wenyewe! Nani hula hotelini halafu afungiwe ya kubeba bure?"

"Mgeni hasemwi kwa chakula alichopewa. Afadhali niende Mbeere."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Nikapumua, nikakata mistari mitatu iliyokuwa mizuri sana, nikaandika hii, ambayo karani aliipokea siku hiyo hiyo:

*Kwa Kamati ya Pingamizi. Nalalamika juu ya utaratibu mpya. Nilileta pingamizi utaratibu wa zamani ukiwa bado unatumika, nakala yenye mhuri wenu nimeambatisha. Mtu aliyeanza safari hamwezi kumhamishia barabara akiwa katikati, kisha mkamwambia amechelewa. Pia mnataka mwenye jina aje mwenyewe. Mwenye jina ni marehemu. Mjane wake yuko hai, ndiye anayelala kwenye nyumba hiyo, ndiye mtakayemtoza, na ndiye pekee mliyemkataza kusema. Hayuko peke yake. Ulizeni ni ploti ngapi za Majimbo ziko kwa majina ya waliozikwa. Mliyemtuma alipokewa kama mgeni wa nyumbani. Viti na sufuria alizoziona ni za kikundi cha matanga, na wanachama wako tayari kuja kusema hivyo, wote, na sauti wanazo. Naomba barua yangu ya kwanza isikizwe kwa utaratibu uliokuwepo nilipoileta, na mtu atumwe kuangalia nyumba kabla daftari halijafungwa. Fomu yenu ina nafasi ya mwenye mali na nafasi ya wakili. Mimi si mwenye mali, na wakili sina. Mimi ni mke wa mwanawe, nakaa hapo naye, na sitaondoka kwenye benchi lenu mpaka mniambie kamati inakaa lini.*