Fomu Iliyorudi Tupu

Nina hasira za karibu, na kiburi cha kazi yangu hakinisaidii. Kwa hiyo asubuhi ile karani wa chuo kimoja cha uuguzi aliponipigia simu kusema watu wanatuma fomu ya maombi mara nne, mara tano, nilimjibu kwamba shida si tovuti, shida ni watu. Tovuti ya chuo niliitengeneza mimi, katika chumba ninachokodi ghorofani karibu na mtaa wa West Indies hapa mjini. Fomu niliipanga hivi: ukishajaza na kubonyeza "Tuma," majibu yako yanakwenda chuoni na nafasi zote zinafutika, fomu inabaki nyeupe. Niliona ni kazi safi. Hata nilijisifu.

Karani akaniambia mkuu wa chuo amekasirika. Aliona kutuma mara nyingi ni ujanja wa kutafuta nafasi zaidi ya moja, akaagiza wote waliorudia wafutwe kwenye orodha. Ujumbe wa simu ulikuwa umewafikia tangu Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikasema sawa, nikakata simu, nikashuka kunywa chai.

Chini ya ngazi zetu kuna mama anayeuza chai na mandazi. Anatoka Yamumbi kila alfajiri, ananiita kijana wangu, na akiona nimenuna ananiongezea chai bila kuniuliza. Siku ile aliyenuna ni yeye. Alinipa simu yake nisome. Ulikuwa ujumbe wa chuo: ombi la binti yake limefutwa.

"Nilituma mimi," akasema. "Msichana yuko kwa nyanya yake, huko netiweki ni shida, akaniambia nimjazie. Nikafinya hapo pa kutuma, fomu ikarudi tupu. Nikasema, haijaenda. Nikajaza tena. Mara sita."

"Lakini ilienda, Mama."

"Na ningejuaje? Hata kwa chifu ukipeleka barua, wanapiga muhuri kwa kopi yako, unarudi nayo nyumbani. Bila muhuri hujapeleka kitu."

Niliweka kikombe chini. Mimi mwenyewe nina faili nzima ya kopi zenye mihuri, na sijawahi kuondoka kwenye dirisha la ofisi bila kudai wangu. Sikumwambia fomu ni yangu. Niliona haya, nikapanda ngazi mbio.

Kazi yenyewe haikuchukua hata saa moja, na hilo ndilo lililoniuma. Nilitengeneza ukurasa mpya. Ukishabonyeza "Tuma" unapelekwa huko, unasoma: "Asante, tumepokea ombi lako," pamoja na jina lako, tarehe na namba ya ombi, na chini yake, "Usitume tena." Lakini ukurasa huo ungewafaa wa kesho. Waliokwisha kufutwa usingewarudisha. Mficha uchi hazai. Kabla sijauweka hewani nilichukua boda boda hadi chuoni, roho mkononi, nikijua huenda nikapoteza kazi.

"Madam, kosa ni langu," nilimwambia mkuu wa chuo, nikamweleza yote.

"Mtu mzima akituma mara sita anajua anachofanya."

Sikubishana, jambo la ajabu kwangu. Nilimfungulia fomu ile ile ya zamani kwenye simu yake, nikamwomba ajaze kama mwombaji. Alijaza taratibu, miwani imemshuka puani. Akabonyeza. Fomu ikawa nyeupe. Akaitazama, akaigeuza simu huku na huku, kisha akaanza kuandika jina lake upya.

Alifika herufi ya tatu akasimama.

"Aii," akasema polepole. Halafu akamwita karani. "Wote mliofuta, warudishe. Kila mtu ombi moja. Na waambiwe leo."

Nilipotoka nje nilicheka peke yangu mpaka mlinzi wa geti akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kuliko nilivyokuwa wiki nzima.

Nilimfikia mama wa chai kabla ya ujumbe wa chuo. "Jina limerudi," nikamwambia hata sijashuka kwenye pikipiki. "Sio ati amechaguliwa, Mama. Amerudi tu kwa orodha."

"Hiyo inatosha. Akikosa, akose kwa sababu ya maksi, sio kwa sababu ya mkono wangu."

Nikamwambia mkono uliokosa ni wangu, kwamba fomu ile niliitengeneza mimi. Nikangoja matusi. Alikaa juu ya kreti ya soda, akafunika uso kwa aproni, mabega yakatikisika, nami sikujua kama analia au anacheka. Kisha akafuta macho, akatafuta namba ya binti yake, akapiga.

"Siku tatu nimekuwa nikikudanganya ati hawajajibu," akamwambia. "Sasa naweza kukuambia."